Jay DeMerit na Babu wa Denmark

Mei 21, 2006, uwanja wa Millennium, Cardiff. Watford na Leeds wanang'ang'ania nafasi ya mwisho ya kupanda Ligi Kuu ya Uingereza, mechi ambayo magazeti ya huko yalisema ina thamani ya pauni milioni 40. Dakika ya 25 Ashley Young anapiga kona. Beki mmoja Mmarekani anaruka juu ya kila mtu, anatia kichwa. Goli. Watford walishinda 3-0.

Miaka mitatu kabla ya hapo, beki huyo alikuwa amefika tu London, akachezea Southall, timu ya daraja la tisa, kwa pauni 40 kwa wiki.

Anaitwa Jay DeMerit. Alizaliwa 1979 huko Wisconsin, kwenye mji wa Green Bay, ambako mpira ni ule wa Packers, wa kubeba mkononi. Alichezea chuo kikuu Chicago, akamaliza, na hakuna timu hata moja ya MLS iliyomchagua. 2003 akafunga begi, akaenda Ulaya na dola 1,800, akawa analala darini kwa mama ya rafiki yake.

Mwaka uliofuata alikuwa anajinoa na Northwood, daraja la saba. Wakacheza mechi ya kirafiki na Watford. Kocha wa Watford, Ray Lewington, akampenda, akamjaribu, akampa mkataba wa mwaka mmoja.

Watu wa motisha huishia hapo: umeona, ukikaza utatoboa. Sawa, jamaa alikaza. Lakini babu yake alikuwa wa Denmark, na kupitia huyo babu DeMerit alikuwa na pasipoti ya Umoja wa Ulaya. Enzi hizo, kabla ya Brexit, hiyo ilimaanisha anaweza kuishi na kufanya kazi Uingereza bila kuomba kibali.

Bila hiyo angekwama. Mchezaji wa kutoka nje ya Ulaya alitakiwa awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lake kwa miaka miwili, na taifa lenyewe liwe ndani ya 70 bora za FIFA. DeMerit hakuwa amechezea Marekani hata dakika moja. Timu ya taifa ilimwita 2007.

Sisi Wakenya sheria hiyo tunaijua. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa tayari anacheza Serie A na Parma, na Manchester City wakamtaka. Kibali kikakataliwa, kwa sababu Kenya ilikuwa chini mno kwenye orodha ya FIFA. Akaenda Inter, na Mei hiyo hiyo alikuwa kwenye kikosi kilichobeba Ligi ya Mabingwa. Kiungo wa Serie A alizuiwa mlangoni ambapo beki asiye na timu alikuwa amepita.

Hilo halimvunjii DeMerit heshima. 2009 alikuwa uwanjani Bloemfontein Marekani ilipoichapa Uhispania 2-0. Kombe la Dunia la 2010 alicheza mechi zote nne, ikiwemo sare ya 1-1 na Uingereza. Baadaye akawa nahodha wa Vancouver Whitecaps, akastaafu 2014.

Pasipoti haikumpigia kile kichwa cha Cardiff. Ilimpa muda wa kukaa London, avumilie pauni 40, hadi mtu amwone. Ukisimuliwa tena hadithi ya aliyetoboa kwa kukaza tu, uliza aliingiaje.