Diski ni nzima, laptopu haiioni: hadithi ndefu ya biti chache

Leo naacha kando mambo ya kuandika programu. Nataka tuongee kuhusu kilio ambacho kila anayejulikana mtaani kama "mtu wa kompyuta" amekisikia: diski ya zamani imekufa, mwenye laptopu amenunua nyingine, ameikaza skurubu vizuri, amewasha, na laptopu inamjibu kwamba hakuna diski yoyote ndani. (Ndiyo, najua walimu wetu wa Kiswahili wanataka tuseme kipakatalishi. Nendeni Luthuli Avenue mkaulize bei ya kipakatalishi, kisha mniambie mmejibiwa nini.) Kwa kawaida hukumu hutolewa papo hapo: diski mbovu. Mimi sikubali haraka hivyo. Ukifuata historia ya vitu hivi utaona kwamba mara nyingi diski ni nzima na laptopu ni nzima, ila zilitengenezwa na watu ambao hawakuelewana kuhusu hesabu.

Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, iliuzwa bila diski kuu. Ulitumia flopi, au hata kaseti! Mwaka 1983 ikaja PC XT ikiwa na diski ya MB 10, halafu 1984 ikaja PC AT, na hapo ndipo tatizo letu linapozaliwa rasmi. Ndani ya BIOS ya AT, yaani ile programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, kulikuwa na jedwali la aina 14 za diski. Ulitazama diski yako ina silinda ngapi na vichwa vingapi, ukachagua namba inayolingana. Kama diski yako haikuwa kwenye jedwali, pole. Haikuwa na namna ya kujitambulisha yenyewe.

Dawa ya hilo ilikuwa IDE, iliyoingia sokoni mwaka 1986 kupitia kompyuta za Compaq. Wazo lake lilikuwa zuri sana: akili ya kuendesha diski ihamishwe iwekwe kwenye diski yenyewe. Baadaye ikaongezwa amri ya kuiuliza diski "wewe ni nani?", nayo ikajibu kwa jina na ukubwa wake. Unapoingia kwenye BIOS leo ukaona jina la diski limeandikwa pale, unaona jibu la swali hilo.

Lakini sasa kulikuwa na lugha mbili, na hapa naomba mnivumilie na hesabu kidogo kwa sababu ndiyo kiini cha hadithi yote. BIOS ilitaja mahali kwenye diski kwa biti 24: biti 10 za silinda, 8 za vichwa, 6 za sekta. IDE nayo ilitumia biti 28: silinda 16, vichwa 4, sekta 8. Peke yake, BIOS ingefika karibu GB 8.4. Peke yake, IDE ingefika karibu GB 137. Zikifanya kazi pamoja? Fikiria milango miwili inayofuatana, mmoja mrefu lakini mwembamba, mwingine mpana lakini mfupi. Kabati lako lazima lipite yote miwili. Kwa hiyo unachukua kilicho kidogo kila upande: silinda 1024, vichwa 16, sekta 63 (zinahesabiwa kuanzia 1, ndiyo maana si 64), kila sekta baiti 512. Zidisha. Unapata baiti 528,482,304.

MB 528 tu! Hakuna mtu aliyekaa chini akaamua kuweka mpaka hapo. Kila upande ulikuwa na nafasi ya kutosha kwa wakati wake, na umaskini ukazaliwa na muungano wao. Mimi kama mtu wa programu, hii ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi, maana ndivyo mifumo yetu mingi inavyoharibika hata sasa, pale sehemu mbili zinapokutana.

Katikati ya miaka ya 1990 diski zilipovuka ukubwa huo, wenye kompyuta wakaanza kuona diski mpya zikipungua ukubwa au zikipotea kabisa. Suluhisho likawa uongo. BIOS mpya zilidanganya mfumo wa uendeshaji kwamba diski ina vichwa 255 na silinda chache, kisha zikatafsiri kimyakimya. Waliokuwa na BIOS za zamani walipewa programu kama Ontrack Disk Manager, iliyojiweka mwanzoni kabisa mwa diski na kufanya uongo huohuo. Ilifanya kazi mpaka siku ulipowasha kompyuta kwa flopi bila kuipitia, ukakuta data zako zote "zimepotea".

Uongo huo ulifika kikomo kwenye GB 8.4, zile biti 24 za BIOS, na ikabidi BIOS iongezewe amri mpya. Mwaka 1999 hivi likaja balaa la GB 33.8: baadhi ya BIOS za Award zikikutana na diski kubwa kuliko hapo ziliganda tu, kioo kimya. Watengenezaji wa diski wakaweka jampa, kile kikofia kidogo cha plastiki kwenye pini, ambayo ukiihamisha diski inajitangaza kuwa ya GB 32. Yaani unanunua diski kubwa kisha unaiamuru iseme ni ndogo ili ikubalike!

Sasa kumbuka jambo moja kuhusu laptopu. Mwenye kompyuta ya mezani angeweza kununua kadi nyingine ya kuendesha diski akaichomeka. Mwenye laptopu hana nafasi ya kadi. Anamtegemea mtengenezaji atoe BIOS mpya, na mtengenezaji akishauza modeli nyingine hana haraka na wewe. Ndiyo maana kila ukuta ulimuumiza mtu wa laptopu zaidi, na wa laptopu ya mitumba kuliko wote.

Ukuta wa GB 137 ndio unaonitisha. Huo ni ule wa biti 28 za IDE. Kiwango kipya cha ATA-6 cha mwaka 2002 kilipandisha biti hadi 48, na Windows XP ikapata uwezo huo kikamilifu kwa Service Pack 1, mwaka huohuo. Lakini fikiria diski ya GB 160 iliyogawanywa na kujazwa kwenye kompyuta mpya, halafu ikahamishiwa kwenye mashine isiyojua biti 48. Inawaka vizuri. Inasoma vizuri. Siku inapojaribu kuandika ng'ambo ya GB 137, biti za juu za anwani zinakatwa, na kilichotakiwa kuandikwa mwishoni kinaandikwa mwanzoni mwa diski, juu ya orodha yenyewe ya mafaili. Afadhali mara mia laptopu inayokataa diski kuliko hiyo inayoikubali nusu.

Baada ya hapo ikaja SATA, kiwango chake cha kwanza kikitoka 2003, na waya na pini vikabadilika kabisa. Angalau hapo kosa linaonekana kwa macho: diski ya IDE ya laptopu ina safu mbili za pini 44 nyembamba, SATA ina bapa mbili za plastiki. Hata ulazimishe vipi, haingii. Kichekesho kilikuwa upande wa programu. XP ilitengenezwa kabla ya SATA kuenea, kwa hiyo kwenye laptopu nyingi ulianza kuiweka ikakuambia hakuna diski, ilhali BIOS inaiona kabisa. Ulitakiwa ubonyeze F6 na uweke flopi yenye draiva. Flopi! Kwenye laptopu ambayo haina tundu la flopi. Wengi waliponea kwa kuingia BIOS na kuigeuza SATA ijifanye IDE. Vista ilipokuja 2007 ilibeba draiva hiyo tumboni.

Kwa wanaonunua diski zilizochomolewa kwenye laptopu za eks-UK kuna mtego mwingine. Tangu ATA-3, mwaka 1997, diski inaweza kufungwa kwa nywila iliyohifadhiwa ndani ya diski yenyewe. Ofisi zilipenda jambo hilo. Diski kama hiyo inazunguka, inataja jina lake, lakini haikupi hata sekta moja. Kuifomati haitakubali. Muulize muuzaji akuwashie mbele yako kabla hujatoa pesa.

Na za kisasa? Binamu yangu, mwanafunzi wa ualimu, alipoteza diski ya laptopu katikati ya muhula. Akanunua ile ndogo ya M.2, inayofanana na kijiti cha kutafuna. Iliingia sawasawa, skurubu ikakaa, laptopu haikuona kitu. Duka likasema ameiunguza na kurudisha pesa hakuna. Fundi wa jirani akajitolea kuinunua kwa thamani ya vipuri. Karibu akubali, kwa sababu insha zake zilikuwa zinasubiri. Niliichukua nikaichomeka kwenye mashine yangu: nzima kabisa. Ilikuwa ya NVMe, na tundu la laptopu yake, ijapokuwa lina umbo lilelile, limeunganishwa kwa SATA peke yake. M.2 ni umbo la tundu tu. Lugha inayopita humo inaweza kuwa SATA, au NVMe iliyoanza na toleo la 1.0 mwaka 2011, au zote mbili, na hutajua kwa kutazama; lazima usome maelezo ya modeli ya laptopu. Tulibadilishana na mtu aliyekuwa na ya SATA, na jioni hiyo akaendelea na kazi.

Kwa hiyo uliza maswali kwa mpangilio. BIOS inataja jina la diski? Kama haitaji, angalia umbo, lugha, na kama imekaa vizuri. Kama inataja lakini Windows haionyeshi, huenda diski ni mpya kabisa na haijagawanywa; fungua Disk Management utaikuta. Kama ni zaidi ya TB 2.2, mgawanyo wa zamani wa MBR una biti 32 tu, tumia GPT.

Na kama laptopu yako ni ya Intel ya kizazi cha 11, walioanza kutoka 2020, unaweza kukuta BIOS inaiona diski lakini Windows inapowekwa inasema hakuna kitu. Sababu ni kitu kinaitwa VMD kilichowashwa kiwandani, ambacho kinahitaji draiva ya Intel. Unaipakua kwenye kompyuta nyingine, unaiweka kwenye flashi, unabonyeza Load driver. Ni F6 ileile, flopi tu ndiyo imebadilika.