Wanafunzi waliojifunza kusoma mifupa

Binti mmoja wa kambini, aliyemaliza sekondari mwaka ule ule walipokimbia, aliniuliza baada ya kipindi chetu: je, chuo kikuu wanafundisha namna ya kujua mtu aliuawa vipi? Wanafundisha, ndugu wasikilizaji. Na tawi moja la masomo hayo lilikua mikononi mwa wanafunzi.

Ilikuwa Argentina. Kuanzia 1976 hadi 1983 wanajeshi walitawala nchi ile, na maelfu ya watu walichukuliwa wasirudi. Serikali ya kiraia ilipoingia, familia zilitaka wapendwa wao. Makaburi yasiyo na majina yakaanza kufukuliwa kwa matingatinga. Mifupa ilivunjika, ya huyu ikachanganyika na ya yule. Watu wale walipotea mara ya pili.

Mwaka wa 1984 akafika Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, akaomba kazi ile isimame. Waliokubali kumsaidia walikuwa vijana wachache waliokuwa wakisoma anthropolojia, akiolojia na uganga. Waliogopa, walilia. Yeye aliwaambia wafanye kazi mchana, walie usiku. Walichimba polepole kwa brashi na vijiko, wakaandika kila mfupa na kila risasi ilikolala. Nyonga huonyesha kama ni mwanamke au mwanaume. Meno hulinganishwa na karatasi za mganga wa meno. Mfupa uliovunjika zamani huacha alama.

Mwaka wa 1985 Snow alitoa ushahidi katika kesi ya majenerali. Mwezi wa kumi na mbili, Videla na Massera wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Vijana wale waliunda kikundi, EAAF, wakaitwa nchi nyingine. Huko El Mozote, El Salvador, serikali ilikuwa imekana kwamba jeshi liliua raia. Mwaka wa 1992 walifukua nyumba moja kando ya kanisa: kati ya watu 143, 131 walikuwa watoto. Mwaka wa 1997 walisaidiana na Wacuba huko Bolivia kutambua mifupa ya Che Guevara, yule aliyepigana huku kwetu Fizi mwaka wa 1965. Mifupa ya mikono haikuwepo, maana wanajeshi walimkata mikono alipokufa.

Kazi zenyewe ni nyingi. Kuna daktari anayepasua maiti, mtu wa maabara ya DNA, anayechunguza risasi, na mwanakriminolojia anayetafuta kwa nini uhalifu ulitendeka na kwa mpango gani. Tena kuna yule anayekaa na mama na kumwuliza mtoto wake alikuwa mrefu kiasi gani, alivaa nini siku ile, aliwahi kuvunjika wapi. Mimi naona hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Binti alinyamaza kidogo. Halafu akasema kaka yake alivunjika mkono wa kushoto alipoanguka kwenye mwembe, akiwa na miaka tisa. Akaniuliza aandike wapi. Nikachana karatasi katika daftari langu, nikampa na kalamu.