Debe, Pampu na Ndoo: Maji Yalivyofika Bustanini Murera

Historia ya kumwagilia bustani hapa Murera ianze na debe. Bati la mafuta ya taa, galoni 4, lita 18 hivi. Mama yangu alikuwa kibarua wa kahawa, na debe ndilo lililompimia mshahara: alichuma, akajaza, akalipwa kwa debe. Jioni debe jingine lilimngoja apeleke maji kwenye sukuma na managu. Alichota kwa kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo lililotobolewa matundu kwa msumari, akanyunyizia shina baada ya shina. Njiani kati ya mche na mche hakumwaga hata tone, maana kila tone alikuwa amelibeba mwenyewe.

Ng'ambo ya ua, kahawa ya mwenye shamba ilinyeshewa na injini iliyovuta maji bwawani. Hakuna aliyeuliza kwa nini sisi tubebe. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika wa sehemu hizi hakuruhusiwa hata kupanda kahawa; mlango ulifunguka kikamilifu kwa Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo cha Waafrika. Hata baada ya hapo, mashine za maji zilitengenezewa ekari nyingi, si bustani ya jikoni.

Miaka ya tisini ndipo bustani ndogo ilipokumbukwa. Mwaka 1996 taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ilianza kueneza ndoo ya matone: ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita moja, na mipira miwili yenye matundu ya kudondosha. Asili yake ni Mmarekani Richard Chapin, aliyerahisisha ufundi wa matone, ambao pia uliuzwa na kampuni ya Netafim iliyoanzishwa Israeli mwaka 1965. Mwaka 1998 ikaja Super MoneyMaker, pampu ya kukanyaga kwa miguu, ya ApproTEC ya Nairobi.

Kando ya mto, pampu ndiyo iliyosifiwa. Ilisukuma maji hadi mlimani bila senti ya petroli. Lakini huvuta maji yaliyo chini kwa mita 7 tu au karibu na hapo, na inataka miguu yenye nguvu. Vijana walipopata kazi viwandani Thika, walioachiwa kukanyaga walikuwa mama na nyanya zao.

Kisha kahawa ikang'olewa, mashamba yakakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 nyumba zikaongezeka upesi. Mto ukawa mbali, maji yakawa ya kununua kwa mtungi. Hapo ndoo ikapata maana yake. Mitungi miwili ya lita 20 kwa siku, asubuhi na jioni, hutosha miche mia moja hivi. Masharti yake ni machache: tuta lilazwe sawasawa, la sivyo upande wa chini utakunywa na wa juu utakauka; maji yachujwe kwa kitambaa, maana chembe ya udongo huziba tundu, na ncha ya mpira ifunguliwe mara kwa mara ili taka zitoke.

Jirani akiniuliza anunue nini, sianzi na bei. Namuuliza maji yake yako wapi, na nani nyumbani atakayeyabeba. Mwenye mto na vijana, achukue pampu. Mwenye mtungi wa kununua na mgongo uliochoka, achukue ndoo.