Mpangaji mnunuzi: Usisaini kabla hujapiga hesabu hii

Mpangaji mnunuzi ni mtu anayepanga nyumba akiwa na haki ya kuinunua baadaye, kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo. Kodi huwa juu kidogo, na sehemu yake inapunguza bei.

Chukulia nyumba ni Sh60 milioni. Umetanguliza Sh3 milioni, na kila mwezi Sh150,000 ya kodi yako inahesabiwa kwenye bei. Baada ya miaka 3 una Sh8.4 milioni. Bado Sh51.6 milioni! Hapo ndipo wengi hukwama. Benki ikikunyima mkopo, mara nyingi hela hairudi, unabaki mpangaji tu.

Kwa hiyo, ukiwa Tanzania, kabla hujasaini:

• Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Nyumba iliyowekwa rehani benki inaweza kuuzwa wewe ukiwa ndani.

• Kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume wa mwenye nyumba lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hivyo.

• Mkataba uandike bei, muda na kiasi utakachorudishiwa usiponunua. Makubaliano ya mdomo hayatoshi.