Ufumaji wa nyuzi mbili

Ni mbinu ya mashine ya kufumia sweta ambapo kila sindano hukamata nyuzi mbili kwa pamoja: mmoja huonekana nje, wa pili hujificha ndani. Kuzishika nyuzi mbili kiholela hakutoshi, maana rangi zitachanganyika. Kila uzi hupitishwa kwenye tundu lake, ufike kwenye ndoano ya sindano kwa pembe yake.

Huko Buyangu, ukingoni mwa Msitu wa Kakamega, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi hufanya sweta ya shule kuwa vazi la lazima. Sweta nyingi za shule nchini Kenya hufumwa kwa uzi wa akriliki, unaokauka haraka lakini usiofyonza jasho vizuri. Kwa mbinu hii, uzi wa pamba ukiwekwa upande wa ndani hupunguza kero hiyo, ingawa bei hupanda na vazi huwa zito.

Uzi mmoja ukilegea, ule wa ndani huchungulia nje kama madoa. Kwa hiyo fundi hukaza nyuzi zote sawasawa, hupanua vitanzi kidogo, kisha hufuma kwanza kipande cha majaribio.