Asali Katika Misuli: Habari za Uchunguzi wa Mbio Fupi

Katika mwaka wa 1927, kwenye Chuo Kikuu cha Cornell katika mji wa Ithaca, Marekani, vijana hodari wa mbio walifungwa kiunoni kipande cha msumeno wa chuma kilichotiwa nguvu ya sumaku, wakaamriwa kukimbia kwa nguvu zao zote. Kandokando ya njia yao palisimamishwa mizingo ya waya kwa masafa yaliyopimwa. Kila mkimbiaji alipoupita mzingo mmoja, umeme mdogo ulizaliwa ndani ya waya, galvanometa ikashtuka, na mshtuko wake ukapigwa picha juu ya karatasi iliyokuwa ikisogea kwa mwendo uliojulikana. Kwa njia hiyo iliwezekana kujua mtu alikwenda kwa kasi gani katika kila sehemu ya safari yake, wala si mwanzo na mwisho tu, kama ilivyo kwa saa ya mwamuzi.

Bwana wa shauri hili alikuwa Archibald Vivian Hill, Mwingereza aliyezaliwa Bristol mwaka 1886, ambaye tayari alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa uchunguzi wake juu ya joto la misuli. Pamoja naye walikuwa Furusawa, mtaalamu wa Japani, na Parkinson, msaidizi wake kutoka London. Hill mwenyewe alikuwa mkimbiaji. Alipata kuulizwa kazi hiyo ya kuwapima wanariadha ina faida gani, akajibu kwamba, kusema kweli, hawaifanyi kwa kuwa ina faida, bali kwa kuwa inawafurahisha. Jawabu hilo liliwaudhi baadhi ya watu, lakini huenda lina ukweli mwingi kuliko maombi ya fedha yanayoandikwa na vyuo siku hizi.

Kabla yake picha zilikuwa zimefanya kazi kubwa. Muybridge alimpiga picha farasi akienda mbio huko Palo Alto mwaka 1878, na Marey wa Paris, katika miaka iliyofuata, aliwavika watu nguo nyeusi zenye mistari myeupe ili apate kuona mkono na mguu vinavyopita hewani. Picha hizo zilionyesha umbo la mwendo. Jambo ambalo Hill alilitaka ni jingine: mwanadamu anazuiwa na nini asizidi kasi yake?

Karatasi za Ithaca zilichora mstari mzuri sana. Mkimbiaji huongeza kasi kwa ghafla katika hatua za kwanza, kisha nyongeza hupungua kidogo kidogo, mpaka baada ya sekunde chache hafiki tena mbele ya kikomo chake. Hukaa hapo kwa muda mfupi, halafu uchovu huanza kumvuta nyuma. Hewa peke yake haikuweza kueleza kizuizi kikubwa namna hiyo. Hill alikuwa na jibu mkononi. Mwaka 1922 aliwafanya watu wavute gurudumu zito kwa nguvu za mkono, akaona kwamba kadiri mkono ulivyokwenda upesi ndivyo kazi iliyotoka ilivyopungua. Akakata shauri kwamba ndani ya msuli mna mnato, mfano wa asali: ukiipitisha kijiko polepole hukubali, ukikiharakisha hukataa. Kwa hiyo nguvu ya mkimbiaji ni ileile tangu hatua ya kwanza hata ya mwisho, ila sehemu kubwa yake humezwa na asali hiyo ya ndani.

Yafaa kufikiri jinsi maelezo hayo yalivyokuwa mazito kwa mwalimu wa mbio. Kama kizuizi ni mnato wa nyama yenyewe, basi mtu mwepesi amezaliwa na asali nyepesi, na mzito na asali nzito, na mazoezi ya mwaka mzima yatabadili kitu gani? Hesabu ya Hill ilikuwa safi, nayo ililingana na vipimo. Kulingana na vipimo, hata hivyo, si ushahidi wa sababu.

Aliyeitikisa hesabu hiyo alikuwa Wallace Fenn, Mmarekani aliyepata kufanya kazi pamoja na Hill huko Uingereza. Fenn aligundua, katika makala zake za 1923 na 1924, kwamba msuli unaoinua mzigo hutoa nishati zaidi kuliko msuli uliozuiwa usijikunje. Kitu cha mnato tu, kilichovutwa na kuachwa kama mpira, hakiwezi kufanya hivyo. Nishati yake imekwisha kuwekwa tangu mwanzo. Msuli, basi, huongeza matumizi yake kwa kadiri ya kazi inayotakiwa. Mwaka 1930, akiwa Chuo Kikuu cha Rochester, Fenn aliwapiga wakimbiaji picha za sinema, akapima picha moja baada ya moja. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mkimbiaji haipotei katika asali yoyote. Hutumika kuirusha miguu na mikono mbele, kisha kuisimamisha, kisha kuirudisha nyuma, mara kadhaa kwa kila sekunde.

Hill hakung'ang'ania. Mwaka 1938, baada ya kupima joto la msuli wa chura kwa vyombo vyepesi kuliko vyote alivyokuwa navyo hapo zamani, aliandika makala iliyoondoa nadharia yake mwenyewe ya mnato na kuweka mahali pake mlinganyo ambao wanafunzi wa elimu ya mwili hufundishwa hata leo: kadiri msuli unavyojikunja upesi, ndivyo nguvu unayoweza kutoa inavyopungua, kwa sababu ya namna unavyotoa nishati yake, wala si kwa kukwaruzana. Ni wataalamu wachache waliokwisha kupata tuzo kubwa wanaobomoa nyumba yao kwa mikono yao.

Wakati huohuo viwanja viliendelea na mambo yao bila kuwangoja wataalamu. Jesse Owens, katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, alikuwa bado akichimba vishimo vya kuanzia kwa mwiko mdogo. Vibao vya kuanzia viliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza London mwaka 1948. Huko Perth, Australia, mwaka 1962, Seraphino Antao, kijana wa Mombasa mwenye asili ya Goa, alishinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akiiwakilisha Kenya ambayo ilikuwa haijapata uhuru. Nchi hiyo baadaye ilisifiwa kwa mbio ndefu za watu wa nyanda za juu, hata wengi wakasahau kwamba dhahabu hizo za mwanzo zilitoka pwani, tena kwa mbio zinazokwisha kabla mtu hajavuta pumzi mara nyingi.

Waliojaribu kwa dhati kuifunga sayansi na uwanja katika kamba moja ni watu wa Umoja wa Kisovyeti. Valeriy Borzov alilelewa Kiev na mwalimu Petrovsky pamoja na wataalamu waliopima kila kipande cha mbio zake, na mwaka 1972 huko Munich alishinda mita 100 kwa sekunde 10.14 na mita 200 kwa sekunde 20.00. Magazeti ya Magharibi yalipenda kumwita mtu aliyetengenezwa maabara. Sifa hiyo, au tusi hilo, lilisahau kwamba maabara haikimbii.

Swali la Fenn juu ya miguu lilipata jibu lisilotazamiwa mwaka 2000. Peter Weyand na wenzake wa Harvard waliwapandisha watu 33, wepesi na wazito, juu ya mashine ya kukimbilia yenye kipimo cha nguvu chini ya mkanda wake. Mtu angedhani kwamba mwepesi ni yule anayeurudisha mguu mbele upesi. Sivyo. Kila mmoja alipofika kikomo chake, muda wa mguu kuwa hewani ulikuwa karibu sawa kwa wote. Tofauti ilikuwa ardhini: wepesi waliikanyaga ardhi kwa nguvu zaidi, nguvu ya wastani inayozidi mara mbili ya uzito wa mwili, tena katika muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo mwalimu alipata kitu cha kushika, kwa maana nguvu ya kukanyaga, hata kama si yote, hufundishika.

Na ule mstari wa Ithaca? Maelezo yake yalikufa mwaka 1938, lakini mstari wenyewe haukufa. Leo mtu akimwelekezea rada mkimbiaji wa mita 100, apate kasi yake kwa kila sehemu ya sekunde, umbo analoliona mwanzoni, tangu kishindo cha bastola hata kufika kikomo, ni lilelile lililochorwa na sumaku ya msumeno, na hesabu inayotumika kulieleza ni ileile ya Hill, Furusawa na Parkinson.