Benchi la ufundi la Tabora United

Benchi la ufundi la Tabora United ni kundi la makocha na wataalamu walioiongoza klabu ya mpira wa miguu ya Tabora United, ya mjini Tabora, magharibi mwa Tanzania, tangu ilipopanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka 2023. Katika misimu yake miwili ya kwanza ya Ligi Kuu timu hiyo ilifundishwa na makocha kutoka Serbia, Ufaransa, Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zimbabwe. Kila mmoja alikuja na historia yake ya kazi, na hakuna aliyekaa muda mrefu. Makala hii inaeleza makocha hao walitoka wapi, benchi la namna hiyo linaundwaje, na matokeo ya timu yalikuwaje chini yao.

Klabu na mji

Klabu hii ilianzia mkoani Kilimanjaro kwa jina la Kitayosce kabla ya kuhamishia makazi yake Tabora. Msimu wa 2022/23 ilishika nafasi ya pili katika Ligi ya Championship, nyuma ya JKT Tanzania, na hivyo ikapanda Ligi Kuu moja kwa moja. Baada ya kupanda ilianza kutumia jina la Tabora United. Uwanja wake wa nyumbani ni Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, uliopewa jina la rais wa pili wa Tanzania.

Tabora ni mji wa zamani wa njia ya misafara. Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyokwenda Ujiji na Ziwa Victoria ilikutana hapa, katika nchi ya Unyanyembe. Makao ya watemi wa Unyanyembe yalikuwa Itetemia, ambayo leo ni moja ya kata za Manispaa ya Tabora. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika mjini mwaka 1912.

Kabla ya Tabora United, mkoa ulikuwa umewakilishwa katika ligi ya juu na timu nyingine. Milambo ilicheza ligi hiyo miaka ya nyuma, na Rhino Rangers ilishiriki msimu wa 2013/14 kisha ikashuka daraja baada ya msimu mmoja tu. Kwa hiyo swali lililoikabili Tabora United tangu siku ya kwanza lilikuwa ni kama itabaki Ligi Kuu.

Muundo wa benchi

Katika soka la Tanzania "benchi la ufundi" ni jina la watu wote wanaoandaa timu kiwanjani, si kocha mkuu peke yake. Kwa kawaida huwa na:

- kocha mkuu, anayechagua kikosi na mfumo wa uchezaji;
- kocha msaidizi mmoja au wawili;
- kocha wa makipa;
- kocha wa viungo, anayeshughulikia pumzi, nguvu na mazoezi ya wachezaji wanaorudi kutoka majeruhi;
- daktari wa timu na mchua misuli;
- mchambuzi wa video, katika klabu zenye uwezo;
- meneja wa timu na mtunza vifaa, wanaoshughulikia safari, kambi, jezi na mipira.

Kocha mkuu anapoletwa kutoka nje ya nchi, mara nyingi huja na msaidizi au kocha wa viungo anayemwamini. Nafasi nyingine hubaki kwa wenyeji. Wenyeji hao ndio hubaki na timu kocha mkuu anapoondoka, na mara nyingi mmoja wao hupewa timu kwa muda hadi mrithi apatikane.

Leseni za ukocha

Shirikisho la Soka Afrika (CAF) hutoa leseni za ukocha kwa ngazi: D, C, B, A na Pro. Anayeanza husoma ngazi ya chini, hufanya kazi kwa muda, kisha huomba kozi ya ngazi inayofuata. Makocha kutoka Ulaya huja na leseni za UEFA, ambazo hulinganishwa na za CAF.

Leseni inaweza kuamua nani anakaa kwenye kiti cha kocha mkuu. Katika mashindano ya klabu ya CAF, kocha mkuu anatakiwa kuwa na leseni A au inayolingana nayo. Kwa sababu hiyo mchezaji mashuhuri aliyestaafu hawezi kupewa timu kubwa kwa jina lake tu. Lazima kwanza apite darasani.

Makocha wakuu, 2023–2025

Goran Kopunović

Kopunović ni Mserbia kutoka Subotica. Alicheza soka nchini kwao katika klabu ya Spartak Subotica, na pia nchini Hungaria, ambako alichezea Ferencváros. Katika Afrika Mashariki alijulikana kwanza akiwa kocha wa Police FC ya Rwanda.

Wapenzi wa soka wa Tanzania walimfahamu zaidi Januari 2015, alipochukua nafasi ya Mzambia Patrick Phiri katika klabu ya Simba. Ndani ya siku chache Simba ilitwaa Kombe la Mapinduzi mjini Zanzibar, baada ya kuifunga Mtibwa Sugar kwa mikwaju ya penalti. Machi mwaka huo Simba iliifunga Yanga bao 1-0 katika ligi, na ilimaliza msimu ikiwa ya tatu nyuma ya Yanga na Azam. Kopunović aliondoka msimu ulipokwisha.

Aliporudi Tanzania mwaka 2023 alikuta kazi ya aina nyingine. Simba ilikuwa na wachezaji wenye majina na mashabiki nchi nzima, lakini Tabora timu ilikuwa mpya katika ligi na usajili wake ulikuwa na matatizo. Katika mechi ya kwanza ya Ligi Kuu, Agosti 2023 dhidi ya Azam huko Chamazi, klabu iliingia uwanjani na wachezaji 8 tu kwa sababu wachezaji wake wapya hawakuwa wameruhusiwa kucheza. Azam ilikuwa mbele kwa mabao 4-0, matatu kati yake yakiwa ya Feisal Salum, wakati mchezo ulipovunjika mapema katika kipindi cha kwanza. Wachezaji waliobaki walikuwa wamepungua chini ya 7, idadi ya chini inayoruhusiwa na sheria za soka.

Denis Goavec

Msimu haujaisha, timu ilihamia kwa Mfaransa Denis Goavec. Kazi yake ilikuwa kuinusuru isishuke daraja. Tabora United ilimaliza msimu wa 2023/24 katika nafasi za kucheza mchujo. Ilishindwa na JKT Tanzania katika hatua ya kwanza, kisha ikakutana na Biashara United ya Mara iliyotoka Championship. Tabora United ilishinda pambano hilo na kubaki Ligi Kuu, huku Mtibwa Sugar na Geita Gold zikishuka moja kwa moja.

Francis Kimanzi

Kwa msimu wa 2024/25 klabu ilimchukua Mkenya Francis Kimanzi, ambaye kati ya makocha wote wa Tabora United ndiye aliyekuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa timu ya taifa. Kimanzi alikulia katika Mathare United ya Nairobi, klabu iliyotokana na chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare. Aliichezea klabu hiyo na baadaye akaifundisha. Alifundisha pia Tusker na Wazito.

Aliifundisha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwa vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza kilikuwa mwaka 2008, ambapo Kenya ilishika nafasi ya pili katika kundi lake katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2010 lililokuwa na Guinea, Zimbabwe na Namibia. Desemba mwaka huo Kenya ilifika nafasi ya 68 katika orodha ya FIFA. Aliondoka mwanzoni mwa 2009, akarudi mwaka 2011 hadi 2012. Baadaye alikuwa msaidizi wa Mfaransa Sébastien Migné. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri, Kenya ya Migné iliifunga Tanzania mabao 3-2. Agosti 2019 Kimanzi alirithi kiti cha Migné, na Novemba mwaka huo Kenya ilitoka sare ya 1-1 na Misri ugenini. Kipindi hicho kiliisha Oktoba 2020.

Tabora United ilianza msimu wake naye kwa kufungwa mabao 3-0 na Simba, Agosti 2024. Kimanzi aliondoka baada ya miezi michache.

Anicet Kiazayidi

Novemba 2024 timu ilikuwa chini ya Mkongo Anicet Kiazayidi. Jina lake halikuwa linajulikana sana nchini kama la Kopunović au Kimanzi. Hata hivyo, ushindi unaokumbukwa zaidi katika historia ya klabu ni wa kipindi chake. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga, bingwa mtetezi, mabao 3-1 kwenye Uwanja wa Azam Complex jijini Dar es Salaam. Yanga ilikuwa imepoteza pia mechi iliyotangulia dhidi ya Azam. Tarehe 15 Novemba iliachana na kocha wake Miguel Gamondi, Muargentina, na kumchukua Mjerumani Sead Ramović.

Genesis Mangombe

Baadaye katika msimu huohuo kazi ilikwenda kwa Mzimbabwe Genesis Mangombe. Alitoka Dynamos ya Harare, moja ya klabu kubwa za Zimbabwe, na alikuwa katika benchi la timu hiyo ilipotwaa Kombe la Chibuku mwaka 2023. Katika mzunguko wa pili Tabora United ilifungwa nyumbani mabao 3-0 na Simba mwezi Februari, na mabao 3-0 na Yanga mwezi Aprili 2025. Pamoja na vipigo hivyo ilimaliza msimu katika nusu ya juu ya msimamo wa ligi yenye timu 16, tofauti na mwaka uliotangulia ilipolazimika kucheza mchujo.

Njia za kufika kwenye benchi

Makocha wakuu waliotajwa hapa walifika Tabora baada ya kufanya kazi kwingine, na kila mmoja alitoka nchi yake. Katika Ligi Kuu zipo pia njia nyingine, na mifano mitatu inazionyesha.

Selemani Matola alikuwa nahodha wa Simba. Baada ya kustaafu alifundisha Lipuli ya Iringa, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 na kufungwa na Azam bao 1-0. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi Simba akiwa kocha msaidizi. Alifanya kazi chini ya Mbelgiji Sven Vandenbroeck, Mfaransa Didier Gomes na Mhispania Pablo Franco, na wengine waliofuata. Makocha wakuu walibadilika, yeye akabaki.

Juma Mgunda alijenga jina lake Coastal Union ya Tanga, kwanza kama mchezaji kisha kama kocha. Septemba 2022 Simba ilimwita kuiongoza katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Akiwa na leseni inayotakiwa na CAF, aliivusha timu hadi hatua ya makundi kwa kuzitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola.

Etienne Ndayiragije, Mrundi, ni mfano wa kocha wa kigeni aliyepanda ngazi ndani ya Tanzania. Alianza na Mbao ya Mwanza, aliyoifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017, kisha KMC na Azam. Mwaka 2019 alipewa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, na kuifikisha katika fainali za CHAN zilizochezwa Kamerun Januari 2021. Baadaye aliifundisha timu ya taifa ya nchi yake.

Uzoefu, muda na matokeo

Historia fupi ya Tabora United inaonyesha kwamba wasifu mrefu wa kocha hautabiri matokeo peke yake. Kimanzi, aliyefundisha timu ya taifa mara tatu, alikaa miezi michache. Ushindi dhidi ya Yanga ulipatikana chini ya kocha ambaye mashabiki wengi walikuwa ndiyo kwanza wanamsikia.

Wakati huohuo, mabadiliko ya mara kwa mara yana gharama. Kila kocha mpya huja na mfumo wake, huwapima wachezaji upya, na hutaka kusajili wa kwake. Wachezaji waliosajiliwa kwa matakwa ya kocha mmoja hujikuta wakicheza kwa matakwa ya mwingine. Kwa timu iliyo mbali na Dar es Salaam, ambako timu nyingi za ligi zina makazi au kambi, safari ndefu hupunguza pia siku za mazoezi ambazo kocha mgeni angezitumia kuwazoea wachezaji wake.

TRA United

Mwaka 2025 klabu iliingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na jina lake likabadilishwa kuwa TRA United. Kwa mabadiliko hayo iliungana na klabu nyingine za Ligi Kuu zinazomilikiwa na taasisi za umma, kama JKT Tanzania na Mashujaa za jeshi na KMC ya Manispaa ya Kinondoni. Jina la Tabora United lilibaki katika kumbukumbu za misimu ya 2023/24 na 2024/25.